Nyumba Isiyo na Msalaba

Kaka yangu mkubwa alipaka chokaa bila kumwuliza mtu. Nilipofika kumwona mama jioni ile, nilisimama barabarani nikashika kiuno. Kuanzia kwa fundi cherehani pale juu mpaka chini bondeni, kila nyumba ya avenue yetu ilikuwa na msalaba mwekundu kwenye ukuta wa mbele. Watu wa ofisi ya ujenzi walikuwa wamepita na ndoo yao ya rangi wakati wa mvua zilizotangulia, wakachora bila hata kubisha hodi. Maana yake kila mtu Bukavu anaijua: hii haikupaswa kujengwa hapa, ivunjwe. Na sasa katikati ya misalaba yote hiyo, nyumba ya marehemu baba ilikuwa nyeupe pe, kama nguo ya komunyo ya kwanza.

Kaka alikuwa bado ameshika brashi. Alitabasamu.

"Unaona? Haionekane tena."

"Haionekane?" nikamwambia. "Kaka, sasa njo inaonekana yenyewe tu mu avenue nzima!"

Alinijibu kwamba mimi ni mwalimu, nimezoea kutafuta makosa, na kwamba mnunuzi anakuja Jumapili baada ya misa. Kisha akaosha brashi yake. Kaka ni mtu mwema, lakini akishapata wazo huwezi kumnyang'anya, hata likiwa bovu. Nami nina hasira za karibu, nimezirithi kwa shangazi zangu. Tulinuniana mpaka giza likaingia, mama akatuita tule.

Nyumba ile ilikuwa inauzwa kwa sababu moja tu: ilikuwa inataka kumwua mama.

Baba alijenga chumba cha mbele na sebule kwa matofali, wakati mlima wetu ulipokuwa bado na miti. Baadaye watoto tulikuwa wengi, akaongeza nyuma chumba cha mbao na jiko. Upande huo ulipita mfereji wa maji wa serikali. Kwa kuwa ulikuwa wa serikali, haukuwa na mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe hakikai siku nyingi mjini kwetu. Baba akatandaza mawe na zege juu yake, akajenga jiko hapohapo. Alijivuna sana. Mvua ikinyesha, maji yalikuwa yanapita kwa kishindo chini ya sakafu, chini kabisa ya sufuria, na sisi watoto tulilala kifudifudi kuyasikiliza. Hakuomba ruhusa ya kujenga. Nani aliomba? Jirani wa juu alifanya hivyo, wa chini akafanya hivyo, mpaka maji ya mlima mzima yakakosa njia yakajitafutia yao.

Njia yaliyoipata ni ravin, korongo linalochimbwa na maji yenyewe. Kila mwaka bonde lile lilipanda hatua chache kuelekea kwetu. Kwanza lilikula migomba ya jirani wa chini, halafu choo chake, halafu ukuta mmoja wa nyumba yake, naye akahama na watoto wake bila kuaga. Mwaka ule ufa ulifika kwetu. Ulianza kwenye ukuta wa mawe uliozuia udongo nyuma, ukapanda, ukaingia katika chumba cha mbao kupitia msingi wake. Mkono wangu uliingia ndani ya ufa ule mpaka kwenye kiwiko. Na chumba hicho ndimo mama alimokuwa analala, kwa sababu ndimo baba alimofia.

Nilimsihi aje kukaa kwangu. Nina vyumba viwili vya kupanga, mume, na watoto, lakini tungebanana. Mama alikataa katakata. "Siwezi kukula bugali ya mukwe nikiangalia chini," alisema. Alitaka kurudi Walungu, kwenye kilima cha kwao, ajenge kijumba chake, alale chini ya bati lake mwenyewe. Kwa hiyo nyumba iuzwe kwanza. Isipouzwa, hatoki. Tukajaribu kumtisha kwa mvua, akatuambia ameona mvua nyingi kuliko sisi.

Mwezi wa nane ulikuwa unaisha. Mvua kubwa za Septemba zilikuwa njiani. Benki haikopeshi mtu kwa nyumba yenye msalaba, na mtu wa mji hata akipewa bure anakimbia. Aliyebaki ni mtu wa kutoka mbali, mwenye fedha taslimu na haraka. Kaka akampata.

Mtu huyo alikuwa amechimba dhahabu Kamituga tangu ujana. Alikuwa ameuza sehemu yake ya shimo, na alitaka watoto wake waanze mwaka wa shule Bukavu, mbali na vumbi na pikipiki na vijana wanaozeeka kabla ya kuota ndevu. Alikuwa tayari kulipa siku hiyohiyo, mkononi. Hakutaka mambo ya kuzunguka maofisini. Alitaka nyumba ambayo jioni wanaingia na kulala.

Hapo lazima nieleze jambo la kwetu, maana ndilo lililotuponza.

Babu yangu, baba yake mama, alikuwa mfugaji Walungu. Kwao ng'ombe hauzwi kimyakimya. Kabla ya kulipa, mnunuzi humwuliza mwenye ng'ombe mbele ya watu: kilema chake ni nini? Na mwenye ng'ombe lazima aseme. Anapiga teke akikamuliwa, aliwahi kuharibu mimba, jicho moja halioni vizuri, chochote kile. Akiulizwa akadanganya, hata ng'ombe akifa baada ya miaka, ni wake amekufa. Lakini asipoulizwa, anaweza kunyamaza, na hakuna atakayemlaumu. Mjinga ni yule ambaye hakuuliza. Wakishaelewana, ng'ombe anaondoka, kamba inabaki kwa aliyemuuza, ili baraka ya zizi isiondoke pamoja na ng'ombe. Mama alikua katika hayo. Ni Mkatoliki wa kila asubuhi, rozari haimtoki mkononi, lakini mambo ya kuuza na kununua kwake yalibaki ya zizini.

Kaka alijua hivyo, na hesabu yake ilisimama hapo. "Huyu muntu ni wa Kamituga," aliniambia kwa sauti ya chini, akichungulia kama mama yuko mbali. "Kule ni pori na mashimo, bangombe balitoka wapi? Hatajua kuuliza. Asipouliza, mama hatasema. Hatutakuwa tumedanganya muntu."

Nikakubali. Nasema wazi kwamba nilikubali, tena kwa moyo mkunjufu. Nilikuwa naona ufa ule kila nikifumba macho, na kitanda cha mama kando yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliuziba kwa kabati. Tuliliburura kabati la vyombo kutoka sebuleni mpaka chumba cha nyuma, tukaliegemeza pale, tukatandika kitambaa juu yake na sanamu ya Bikira Maria. Mama alituangalia tukifanya hivyo, akiendelea kushona kifungo cha blauzi yake. Kazi yangu ya Jumapili ilikuwa moja: nisimwache mama peke yake na wageni.

Walikuja watatu: mwanaume, mke wake, na kitoto kichanga mgongoni mwa mama yake. Mwanaume alikuwa mfupi, mpana wa mabega, suti imembana kwapani. Hakuingia kwanza. Alisimama barabarani pale niliposimama mimi, akatazama juu mpaka kwa fundi cherehani, akatazama chini mpaka bondeni, kisha akatazama ukuta wetu.

"Papa," akamwambia kaka yangu, "manyumba yote hapa iko na musalaba. Yenu njo tu haina. Juu ya nini?"

Nilidhani kaka atababaika. Hakubabaika hata kidogo.

"Siye tuko mu règle, Papa. Baba yetu alikuwa muntu wa sheria."

Mwanaume yule alitikisa kichwa taratibu, uso wake ukafunguka. Akamgeukia mke wake: "Unasikia? Nilikuambia. Nyumba moja nzuri haikosi." Hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tumefanya. Kaka alifuta msalaba ili kuficha kilema, na badala yake akampa mtu yule cheti. Alikuwa anatuchagua sisi kwa sababu ya chokaa. Nilitamani ardhi ipasuke, kisha nikakumbuka kwamba ilikuwa imekwisha kupasuka, mita chache tu kutoka pale.

Tuliketi sebuleni. Mwanaume aligonga kuta kwa vifundo vya vidole, akatazama dari, akasifu mabati: mazito, ya zamani, siku hizi hayapatikani. Aliuliza maji yanafika siku gani, umeme unakatika mara ngapi, shule ya masista iko mbali kiasi gani. Kila alipofungua mdomo nilishika ukingo wa kiti. Kila alipoufunga bila kuuliza kilema, nilipumua. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na mlango, mikono juu ya mapaja, anamtazama mtu yule mdomoni. Najua alikuwa anasubiri swali. Alisubiri kwa adabu, kama mtu anayesubiri zamu yake ya kuungama.

Swali halikuja. Mwanaume aliweka mezani sashe nyeusi, mfuko wa plastiki uliojaa fedha, akaiachia hapo.

"Tunaelewana," akasema. "Tukule, halafu tuite chef d'avenue na batémoins, bashuhudie."

Kaka alinikonyeza. Mimi nilikuwa natazama dirishani. Juu ya mlima, upande wa Kadutu, wingu lilikuwa limekaa, jeusi chini, na upepo ulianza kugeuza majani ya mparachichi wa jirani. Mvua ikinyesha, mfereji utaamka. Hakuna kabati duniani linaloweza kuficha sauti ile. Nikaanza kumharakisha kila mtu. Niliweka sahani, nikaondoa viti, nikamwambia kaka amwite chef wa mtaa sasa, tutakula baadaye. Kaka akanishangaa kwamba nafukuza wageni. Mama akanyanyuka.

"Muntu hanunue nyumba bila kukula ndani yake," alisema, akaenda jikoni kupakua.

Mke wa mnunuzi naye akanyanyuka, akafunga kitenge chake vizuri, akamfuata. Mwanamke hawezi kuketi na wanaume wakati mama mzee anapakua, hilo ni sawa Kamituga na Bukavu. Nikawakimbilia kwa nyuma.

Jiko lilikuwa na joto na harufu ya sambaza, dagaa wa ziwani kwetu, zilizokaangwa. Bugali ilikuwa imefunikwa. Mwanamke yule alikuwa kijana kuliko nilivyodhani. Nilipomwona karibu niliona ana kovu dogo kidevuni na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alitazama jiko la baba kwa furaha isiyofichika. Alishika meza, akashika rafu, akafungua dirisha dogo, akaona kipande cha ziwa kule chini kati ya mabati ya watu.

"Maman, huku ni kuzuri," alisema. "Kule kwetu ninapikia inje."

Mama alikuwa anapanga sambaza kwenye sahani, moja moja, mikia upande mmoja. Nikasema haraka kwamba jiko ni baridi asubuhi, nikasema lolote lililonijia. Ngurumo ikapita juu ya paa. Mwanamke alimtoa mtoto mgongoni, akambeba kifuani, akachungulia chumba cha nyuma kupitia mlango uliokuwa wazi. Aliona kitanda cha mama, kabati, na Bikira Maria juu yake.

"Maman," akauliza, "niko na bengine batano balibakia ku ba-grand-mère yabo. Batoto nitabalaza wapi? Hapa?"

Mama aliacha sambaza.

Nilimwangalia na macho yangu yalikuwa yanamwomba. Sijui kama niliwahi kumwomba mtu kitu kwa nguvu namna ile. Hili si swali la kilema, Mama, nilikuwa namwambia kwa macho. Hajauliza kilema. Ameuliza mahali pa kulala tu. Sema ndiyo, tuondoke hapa, ukafie Walungu ukiwa umezeeka. Tone la kwanza lilianguka kwenye bati, kubwa, likafuatwa na jingine.

"Hapana huku, mutoto wangu," mama akasema.

Akafuta mikono kwenye kitenge chake, akaingia chumbani, akaichukua sanamu na kuilaza kitandani.

"Nisaidie tusukume hii kabati."

Mwanamke alinipa mtoto wake. Hakuuliza, alinipa tu kama mtu anavyompa dada yake, akaenda kusukuma. Nilisimama mlangoni na kile kitoto chenye joto mikononi. Sikuwasaidia, wala sikuwazuia. Kabati lilipiga kelele sakafuni, ufa ukaonekana, na kupitia ufa mwanga wa nje, na kupitia mwanga ule mvua iliyokuwa inakuja. Kisha maji ya mlima yakafika. Yalianza kama mtu anayesaga mahindi mbali, yakakaribia, yakapita chini ya jiko kwa kishindo hata vifuniko vya sufuria vikalialia. Mwanamke aliruka nyuma. Alitazama sakafu, akatazama mama, akanyoosha mikono kwangu, nikamrudishia mtoto.

"Ulisha kuona?" mama alimwuliza, kwa upole kabisa.

"Nilisha kuona, Maman."

Mume wake alikuwa tayari amefika mlangoni, kaka nyuma yake. Alikwenda mpaka kwenye ufa, akachuchumaa, akaingiza mkono, akakaa hivyo kidogo kichwa kimeinama, kama anayesikiliza. Alipotoa mkono ulikuwa na udongo mwekundu. Hakupiga kelele, ningependa apige. Alimwangalia kaka yangu kwa muda mrefu, kisha akaenda sebuleni, akachukua sashe yake, akaifunga ndani ya koti.

"Mama Muzee, aksanti," akasema. "Twende, mama ya watoto."

Walitoka kwenye mvua ile, mwanamke amemfunika mtoto na kitenge. Chakula kilibaki mezani.

Kaka ndiye aliyeanza. Alimwambia mama maneno ambayo sitayaandika, maana alishayaombea msamaha. Mwisho akalia: "Mama, hakuuliza kilema! Aliuliza fasi ya kulala!"

"Njo ileile," mama akasema.

Mimi nilikuwa na hasira kuliko kaka, na hasira yangu ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu ilikuwa kimya. Nilimwona mama anaokota Bikira Maria kutoka kitandani, anamfuta vumbi kwa kiganja, na nikawaza: umechagua watoto wa watu. Umewaangalia watoto wa mtu usiyemjua, halafu sisi watoto wako umetuachia kaburi la kuchimba. Nilitaka kumwambia. Nilikwenda nyumbani bila kumuaga, nikanyeshewa njia nzima, na mume wangu aliponiuliza kuna nini nikamfokea yeye.

Zikafuata wiki ambazo sipendi kuzikumbuka. Shule zilifunguliwa. Mvua ya Bukavu hupenda mchana, kwa hiyo kila nilipokuwa ubaoni naandika na mabati ya darasa yakaanza kulia, chaki ilisimama. Watoto walijua. Mmoja aliwahi kuwaambia wenzake: "Mwalimu anaogopa radi." Kengele ikilia nilipanda mlima karibu nikimbia, na kila nilipopita kwenye kona ya fundi cherehani nilitafuta kwanza paa letu. Likiwepo, hasira ilirudi. Nilimkuta mama anachambua maharagwe. Nilimsaidia kuchambua. Tulikuwa tunazungumza juu ya bei ya makaa.

Siku moja nilishindwa. "Mama, unataka kufa?" nilimwuliza.

Alifikiri kwanza. "Hapana," alisema. "Ninaogopa sana. Kila siku ninaogopa." Akaendelea na maharagwe. Mama yangu hajawahi kuniambia anaogopa kitu, hata baba alipokufa. Nilidhani anakaa mle kwa ukaidi. Nilikaa kando yake kwenye benchi, hasira yote ikaniishia, ikabaki hofu tu, na hofu ilikuwa nzito kuibeba bila hasira.

Walirudi asubuhi ya Jumamosi yenye jua, mume na mke, bila mtoto. Nilikuwepo, nafua. Mwanaume hakuvaa suti safari hii. Alimsalimu mama kwa mikono miwili, akakataa kiti, akasema akiwa amesimama.

"Mama, kule Kamituga shimo ikianza kulia, unatoka. Haungojeye. Kuko benye banajua inalia na banakutuma muzima-muzima, juu banataka mali. Weye ulinitosha inje ya shimo na ulikuwa na lazima ya feza." Akaonyesha bonde kwa kidevu. "Kiwanja sikitake. Ile ni ya ravin, itakuya kuibeba. Lakini mabati, mbao, milango, madirisha, niuzishie ile. Nilipata fasi ya sawasawa upande wa Panzi."

Mama alimwangalia.

"Unajua kilema ya hii nyumba?"

"Ninaijua, Mama. Ulinionyesha."

"Basi kaa," mama akasema. "Siku ile hamukukula."

Nikawasha moto. Tulikula wote wanne jikoni, juu ya mfereji uliokuwa mkavu, na mwanamke yule alisifu sambaza mpaka mama akacheka. Haikuwa bei ya nyumba. Ilikuwa bei ya vipande, lakini mtu yule hakubana hata pale ambapo angeweza, na kule Walungu, kwa kijumba alichokitaka mama, ilitosha. Heri nusu shari. Kaka alipoelezwa aliona aibu hata akaja mwenyewe na nyundo kushusha mabati ya baba, na yeye na mchimbaji yule wakashinda paani wakipokezana misumari mdomoni bila kusemeshana, mpaka saa za adhuhuri mmoja akamwuliza mwenzake kama ana kiu.

Walipofika kwenye mlango wa mbele mama alisema: "Ule hapana."

Mnunuzi alishangaa, maana mlango ulikuwa kwenye makubaliano. Mama akamwelezea juu ya ng'ombe na kamba. Alisikiliza hadithi yote, nyundo mkononi, kisha akaugonga mlango ule wa mbao nzito za mvule kwa vifundo vyake, kama alivyogonga kuta siku ya kwanza.

"Kamba yenu iko na uzito, Mama," alisema, na akamsaidia kaka kuubeba mpaka kwenye gari la kwenda Walungu.

Mlango ni mrefu kuliko nyumba. Fundi wa Walungu alilazimika kuinua kizingiti cha juu, na sasa kijumba cha mama kina paji la uso kubwa ambalo majirani hulitania. Mama hajali. Anafunga kwa ufunguo uleule wa baba.

Mimi nilikuwa napita kwenye avenue yetu mara mojamoja. Kuta zilibaki bila paa, na mvua ikazipiga kwa ndani na nje. Chokaa ya kaka ilikuwa ya bei rahisi, ikaanza kutiririka, na kabla ya Noeli msalaba mwekundu ulikuwa umerudi mahali pake, mbichi kama umechorwa jana.

Ravin lilifika mwezi wa nne, mchana, katika mvua ya kawaida tu. Jiko lilikwenda, na chumba cha nyuma chote, na nusu ya sebule. Hakuna aliyeumia. Fundi cherehani alinipigia simu, nikapanda mlima, nikasimama mahali penye kizingiti cha mlango wa mbele, nikatazama chini. Pale palipokuwa kitanda cha mama palikuwa na hewa tupu. Nikaketi kwenye matope na sketi yangu ya kazi.

Nilimpigia mama kutoka hapo. Nilimwambia kwamba nyumba ya baba imekwenda. Nilisikia kuku wake, kisha kwikwi yake, nami nikalia. Nilisubiri aulize juu ya nyumba, juu ya jiko, ni kiasi gani kimebaki.

"Na bale batoto?" aliuliza. "Batoto sita. Banalala wapi?"

"Panzi, Mama," nikamwambia. "Chini ya mabati yetu."